Kioo cha Sitaha ya Tisa

Kile kioo nilikitundika mimi.
Skrubu arobaini na nne, na siku mbili za mgongo kuuma,
kiwandani Turku, Februari,
mto Aura umeganda hata madaraja yanaonekana ya bure.

Sirkku Lehtola ndiye aliyekichora.
Alitaka ujia ule, vyumba sitini kila upande,
usiwe koo la kumeza watu.
"Weka kioo mwishoni," alisema, "ujia utazaa ujia,
na msafiri atatembea kama aliyealikwa."
Kweli ulizaa. Taa zikajipanga mbili mbili
zikaenda mbali kuliko chuma chetu kilipoishia.
Nilikifuta kwa pamba, nikarudi nyuma hatua kumi,
na mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya misumari
nikazionea haya buti zangu.

Mkaguzi Aarre Mustonen hakuona haya.
Alikuja na tochi, futi kamba na kiberiti.
Alishamnyang'anya Sirkku mbao za mjozi
akamwachia ngozi tu ya mti, unene wa ukucha.
Pazia la hariri alilichoma pembe mbele ya macho yake,
akihesabu sekunde kwa sauti, kama anayemsomea mtoto,
kisha akasema: "Linawaka."
Thurea ya vigae mia tatu aliitikisa kama mti wa matunda,
akaagiza ikazwe kwa vyuma mpaka ikaacha kulia.
Sirkku alimwita, kwa kisogo, Mgane wa Rangi.
Lakini kwenye kioo Aarre alipita.
Kioo hakiungui. Fomu zake hazikuwa na swali la kioo.

Siku ya zoezi waliletwa watu wa kujitolea,
wengi wastaafu wa Pansio,
wameahidiwa kahawa na mikate ya mdalasini.
Taa zikazimwa. Moshi wa mashine, mweupe, mtamu kidogo kooni.
King'ora: mara saba fupi, moja ndefu.
Mimi nilikuwa kwenye ngazi, kazi yangu kuhesabu vichwa.
Mstari wa kijani ukawaka sakafuni,
ukasema kushoto, kushoto.

Hawakwenda kushoto.
Waliona watu wanakuja,
jaketi za rangi ya chungwa kama zao,
wanatokea upande wenye nuru;
na mtu, hata umfundishe vipi, huenda waliko watu.
Bi Hellevi, miaka sabini na minne, alifika wa kwanza.
Nilimsikia vizuri kabisa:
"Samahani, mama, nipishe."
Akangoja. Yule mama naye akangoja.
"Jamani, kwani hunisikii?"
Nyuma yake wakajazana kumi na tisa.

Hakufa mtu. Walicheka, mwishowe, wakanywa kahawa.
Hellevi alicheka kuliko wote,
ila kikombe chake kiligonga kisahani, kikagonga tena.

Sirkku aliketi sakafuni, moshi ukiwa bado magotini.
Aarre akaja, akaketi kando, viungo vyake vikilia.
Nikasema sasa atamwambia.
Hakumwambia.
"Mimi pia nilikipita," alisema.
"Nilijitazama, nikaweka tai sawa, nikapita."

Nilifungua skrubu arobaini na tatu.
Moja ilikataa. Imo ukutani hadi leo.

Pale Sirkku hakuweka kitu. Akahamia kwenye reli ya kushikia:
shaba, imenakshiwa magamba ya samaki.
Ukielekea ngazi, kiganja kinateleza.
Ukienda kinyume, magamba yanakukwaruza.
Aarre aliipima amefumba macho, mara tatu;
ya tatu, nadhani, haikuwa ya kazi.

Ujia umerudi kuwa koo. Sitadanganya,
si mzuri kama ule, na hakuna apigaye picha pale.

Kipande cha kioo nilikibeba nyumbani,
kipo mlangoni pa chumba cha mvuke.
Alfajiri, kabla sijawasha taa,
namwona mtu anakuja amejikunyata,
na kila mara, kabla sijakumbuka,
nampisha.